Nilikalishwa nikitazama ziwa: uzoefu wangu katika kituo cha ushauri nasaha jijini Mwanza

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kusubiri ipoe, kwa kuwa nimekwisha kuisubiri miezi kadhaa na haikupoa. Kituo ninachokizungumzia ni cha binafsi, kipo jijini Mwanza katika jengo la ghorofa linalotazama ziwa, na sitakitaja jina kwa sababu ndani yake yumo mtu mmoja ambaye sitaki riziki yake iharibike kwa makosa ya wenzake. Wanaotaka kujua bei, saa za kazi na namna ya kupata miadi watajibiwa kwa simu. Mimi nataka kuzungumzia ubao uliopo mapokezi na kiti kilichopo chumba cha pili.

Ubao ule una picha za wanasihi wote wa kituo, na chini ya kila picha yameandikwa mambo aliyosomea mhusika na yale aliyobobea. Siku ya kwanza niliusoma mara mbili, tena kwa makini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo. Nilikuwa nimefika pale baada ya zaidi ya mwaka mzima wa kuwaambia ndugu zangu kwamba niko salama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nikifundisha kisiwani, na siku moja ya upepo mtumbwi wa injini tuliokuwa tukirudi nao nchi kavu ulipinduka. Nilishikilia dumu tupu la mafuta mpaka wavuvi wa dagaa walipotufikia, na si wote waliofikiwa. Zaidi ya hapo sitasimulia hapa.

Nilihamishiwa mjini, lakini uhamisho haukuhamisha kilichokuwa ndani yangu. Maji yakimiminwa kwenye beseni nilisikia kifua kikibana. Harufu ya petroli kutoka kwenye tangi la bodaboda ilinishusha kabla safari haijaanza. Kwa mama yangu, Sengerema, niliacha kwenda, kwa kuwa kivuko cha Kamanga sikuweza hata kukitazama kikitia nanga. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 nilisema sasa nimepata njia, lakini kilomita zile tatu juu ya maji nilizivuka nimejifunika khanga kichwani ndani ya basi, na dada aliyekaa jirani yangu alidhani nina homa akanipa pole.

Kwa hiyo nilipoliona neno "kiwewe", yaani jeraha la ndani linalobaki baada ya janga, chini ya picha ya bwana mmoja aliyevaa tai, nililishika kama nilivyolishika lile dumu. Maelezo yake kamili yalisema kwamba yeye ni mbobezi wa kiwewe, ndoa, malezi, uraibu, msongo wa kazi na makuzi ya kiroho. Hizo ni fani sita, na kila moja peke yake inatosha kumaliza maisha ya kazi ya mtu mmoja. Nilipaswa kusita hapo hapo, lakini mtu aliyekosa usingizi kwa mwaka mzima hasomi ubao kwa akili ya kukagua. Anasoma kwa akili ya kuomba. Nikalipa shilingi elfu arobaini, nikaelekezwa chumba cha pili.

Chumba kile kina dirisha pana linalotazama ziwa moja kwa moja. Kiti cha mnasihi kimelipa dirisha mgongo, na kiti cha mteja kimelielekea. Fomu niliyoijaza mapokezi, ambayo ilikuwa mkononi mwake, ilieleza kwa mwandiko wangu mwenyewe kwamba nimenusurika ajali ya majini. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Daktari, naomba nikigeuze kiti." Akanijibu bila kuinua macho, "Kaa tu dada, ziwa linatuliza."

Nilikaa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilikaa. Siku ile ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi yenye povu jeupe kichwani, yale ambayo kila aliyewahi kukaa kisiwani anajua maana yake, na kwa mbali kulikuwa na mtumbwi mmoja uliokuwa ukipanda na kushuka. Nikiwa na picha hiyo mbele yangu niliambiwa nifumbe macho na nisimulie ajali yote, tangu tulipoondoka mpaka tulipookolewa, bila kuruka kitu. Sikuulizwa jina la mama yangu, sikuulizwa ninalala na nani nyumbani, wala kama kuna mtu wa kunisindikiza nikitoka pale. Nilipofika mahali pagumu simu yake iliita, akaipokea, akazungumzia kiwanja kwa muda wa kutosha kabisa mimi kufumbua macho na kuliona tena lile ziwa.

Aliporudi kwangu nilikuwa nalia. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo nimeyarudia kichwani kila siku tangu wakati huo: "Mshukuru Mungu dada. Wenzako wa mwaka 1996 wako Igoma, wewe uko hapa unazungumza."

Mtu asiye wa Mwanza anaweza asielewe uzito wa kauli hiyo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika hapa mjini, ikaondoka na mamia ya watu, na wengi miongoni mwa miili iliyopatikana ilizikwa katika makaburi ya Igoma. Hapa kwetu ukisema "Igoma" kwa sauti fulani, watu wazima hunyamaza. Wala huo haukuwa mwisho, kwa kuwa tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220, na katikati ya misiba hiyo mikubwa kuna mitumbwi inayopinduka bila kutangazwa popote. Mtu anayejiita mbobezi wa kiwewe katika mji huu anapaswa kudhani kwamba kila anayekaa mbele yake ana jambo lake na maji, mpaka athibitishiwe vinginevyo. Hakuniuliza kama nina mtu Igoma. Ninaye. Shangazi yangu, dada yake baba, yuko pale, na nilikuwa mtoto mdogo nilipoona baba yangu akirudi kutoka kumtambua.

Nilijifuta machozi, nikamuuliza kwa adabu kamili amesomea wapi mambo ya kiwewe. Akatabasamu akasema, "Dada, umekuja kupata huduma au kunisaili?" Nilipong'ang'ania, alisema ana shahada ya saikolojia ya elimu na kwamba amehudhuria semina. Semina ya siku ngapi, hakusema. Mimi pia chuoni nilifundishwa saikolojia ya elimu, na ninaithamini kwa kuwa hunisaidia kuelewa kwa nini mtoto wa darasa la pili anaandika herufi kinyume, lakini sijawahi kuota kwamba imenipa haki ya kumfungua mtu jeraha lake kisha nipokee simu. Na jambo jingine: tangu mwanzo nilimwita daktari, wala hakunisahihisha hata mara moja.

Baada ya siku ile nilijisomea mwenyewe, kwa kuwa sikutaka kudanganywa mara ya pili, na ninaona ni haki kuwaeleza wengine nilichokielewa, maana ubao ule unayachanganya makusudi. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyemaliza shahada ya udaktari kwanza kisha akaenda kusomea ubingwa, na yeye ndiye anayeweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, bali amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Mnasihi anaweza kuwa na shahada, stashahada au mafunzo mafupi, na wengi wao hapa nchini walianzia katika ushauri nasaha wa UKIMWI, kazi ambayo imeokoa watu wengi na ambayo siidharau hata kidogo. Ama kiwewe, kina njia zake zilizofanyiwa utafiti, na hakuna hata moja inayoanza kwa kumfumbisha macho mtu usiyemjua. Hata mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011, ambao umeandikwa kwa ajili ya watoa msaada wasio wataalamu kabisa, unasisitiza kwamba aliyepatwa na janga asishinikizwe kusimulia. Kile ambacho mtu wa kawaida anakatazwa, mbobezi alinifanyia.

Nilitoka kabla ya muda kwisha. Miguu haikufika mbali. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa natetemeka, na hapo ndipo alipopita mama mmoja mtu mzima, muuguzi mstaafu, ambaye picha yake iko safu ya chini kabisa ya ubao na maelezo yake ni maneno matano tu: msiba, wagonjwa wa muda mrefu. Aliniona, hakuuliza kitu, akanishika kiwiko akaniingiza chumbani kwake. Chumba chake nacho kina dirisha la ziwani. Alivuta pazia, kisha akakigeuza kiti kikaelekea mlango, ndipo akaniambia nikae. Sikuwa nimemweleza lolote, na baadaye nilipomuuliza alijuaje alisema, "Mwalimu, nilikuona benchini umegeukia ukuta, na watu wote hapa hukaa wakitazama ziwa."

Tulikaa pengine saa nzima. Alinifundisha kuvuta pumzi taratibu na kutaja vitu vitano ninavyoviona chumbani, nikataja kalenda, feni, mkoba wake, kiatu changu, kitasa. Mwishowe akaniambia jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko vyeti vyote vya kwenye ubao: "Mwanangu, hili lako mimi siliwezi lote. Mimi ni wa msiba. Nitakuandikia kwa mtu aliyelisomea, lakini leo huondoki hapa ukiwa hivi." Akaandika barua ya rufaa kwa mkono, akampigia mdogo wangu aje anichukue, na hakudai hata senti.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema mtu yeyote asikanyage pale. Sasa najiuliza kama hiyo ni haki. Aliyefiwa na mume, aliyemuuguza mzazi mwenye saratani mpaka dakika ya mwisho, huyo namwambia aende, amwombe mama yule na asikubali mwingine. Labda na wenye matatizo ya ndoa watasaidiwa na yule bwana. Sijui, na kwa kweli wapo watu wawili waliokuwa wakimsifu mapokezi. Lakini nikikumbuka ile "ziwa linatuliza", huruma yangu yote kwa kituo kile huisha, kwa sababu wenye kituo ndio waliomwandikia neno lile chini ya picha yake, na wao ndio waliochukua pesa yangu kwa ajili ya neno hilo.

Barua ya mama yule muuguzi ilinifikisha kwa mwanasaikolojia tiba anayefanya kazi kwingine hapa jijini. Huyo alitumia vipindi vya mwanzo kuniuliza habari za usingizi, chakula na watu wangu, na akanieleza mapema atafanya nini na kwa nini. Njia anayoitumia ni ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, iliyobuniwa na wataalamu wa Ujerumani na kujaribiwa miongoni mwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda. Alitandaza kamba sakafuni, akanipa mawe na maua, nikaambiwa niweke ua kwa kila jambo jema la maisha yangu na jiwe kwa kila jambo baya, tangu kuzaliwa. Nilishangaa kwamba jiwe la kwanza sikuliweka kwenye mtumbwi. Nililiweka utotoni, kwenye ile siku ya baba kurudi kutoka Igoma. Hakuna aliyenishinikiza, kamba yenyewe ilinionyesha. Jiwe la mtumbwi nililiweka wiki kadhaa baadaye, mlango ukiwa wazi kidogo kama nilivyoomba, na mwezi uliopita nilivuka daraja kwenda kwa mama nikiwa nimefunua uso mpaka karibu katikati.

Nilirudi kituoni mara moja, kumpelekea mama yule samaki na kumwona meneja. Nilimweleza meneja yote, kiti, simu, Igoma. Alinisikiliza kwa upole, akasema atazungumza na mhusika, lakini kuhusu ubao aliniomba nielewe kwamba umekwisha kuchapishwa na kuchapisha mwingine ni gharama. Nilipokuwa natoka niliutazama tena. Neno lilikuwa pale pale, na chini yake alisimama kijana mwenye ndala na mikono iliyopasuka kwa kuvuta kamba za nyavu, akiusoma ubao polepole kwa kidole. Nilimsogelea nikamnong'oneza amwulizie mama wa safu ya chini.

Meneja, najua unasoma maoni ya wateja, kwa kuwa uliniambia hivyo mwenyewe. Kuliondoa neno moja hakuhitaji mchapaji. Kipande cha plasta kinatosha, na ukikubali nitakuja na cha kwangu.