Msaidizi Anaporithi Joho: Vitabu Vitano vya Katuni vya Kununua, Kuanzia Kilicho Bora Zaidi

Robin alitokea kando ya Batman mwaka 1940, katika toleo la 38 la Detective Comics. Bucky naye alianza pamoja na Captain America kwenye toleo la kwanza kabisa, lenye tarehe ya Machi 1941. Tangu siku hizo wasomaji wa katuni za Kimarekani wana swali lisiloisha utamu: bwana mkubwa akiondoka, kijana wake ataweza?

Visa vya kulijibu swali hilo ni vingi, na vingi havifai kulipiwa hela. Mrithi huvaa vazi, hupigana kurasa ishirini, kisha mwenyewe hurudi na mambo yanakuwa kama zamani. Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa vipimo viwili tu. Kwanza, mrithi afanye kazi kwa tabia yake mwenyewe, asiwe kivuli cha aliyemtangulia. Pili, kitabu kijitosheleze, yaani mtu akinunue hicho kimoja, akisome mwanzo hadi mwisho, asilazimike kutafuta vingine kumi ili aelewe. Kwa anayeagiza kutoka nje na kulipia mzigo kwa kilo, hicho cha pili kina uzito uleule wa cha kwanza.

1. Batman: The Black Mirror

Kama utanunua kimoja tu, nunua hiki. Kimeandikwa na Scott Snyder, kikachorwa na Jock pamoja na Francesco Francavilla, na kinakusanya matoleo ya 871 hadi 881 ya Detective Comics yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa 2010 hadi 2011. Matoleo kumi na moja, jalada moja, kisa kimekwisha.

Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, yuko safarini nje ya nchi. Anayelinda Gotham, mji wake, ni Dick Grayson, Robin wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameshajitegemea kwa jina la Nightwing. Dick ni mwanasarakasi aliyekulia kwenye sarakasi ya kuzunguka. Anacheka, anaamini watu, anazungumza na Kamishna Gordon wa polisi kama binadamu wa kawaida. Snyder ameuona upole huo akaufanya kiini cha kitabu: mji huu unamsoma kila anayeulinda, kisha unamtengenezea adui anayemfaa yeye. Bruce alipewa wendawazimu wa kumtisha. Dick anapewa mtu asiyejua huruma ni kitu gani.

Mtu huyo anahusiana na James, mtoto wa kiume wa Gordon, anayerudi mjini baada ya miaka mingi akidai amebadilika. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba sura za Gordon na mwanawe, ambazo Francavilla amezipaka machungwa, zambarau na nyekundu kali, zinatisha kuliko mapigano yote ya kitabu hiki, na nyingi kati yake ni watu wawili tu wanaongea mezani.

Kuna tukio moja linaloonyesha vizuri aina ya kitabu hiki. Asubuhi moja wafanyakazi wa benki wanakuta nyangumi muuaji amekufa katikati ya ukumbi wa benki, na ndani yake mna maiti ya mwanamke. Jock amemchora mnyama huyo amelala kwenye sakafu inayong'aa, mweusi na mzito, na watu wakiwa wadogo pembeni. Dick anapoanza kupeleleza anagundua kwamba mkuu wa benki hiyo ni binti wa mtu aliyewaua wazazi wake. Bruce angekuwa na namna yake ya kulishughulikia jambo hilo. Dick ana yake, na hapo ndipo unapoona kwamba Batman huyu ni mtu mwingine.

Tahadhari: kurasa zake ni za giza sana, kwa hiyo kwenye simu ya kioo kidogo michoro inapotea. Tafuta cha karatasi. Kwa msomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura anayesoma Kifaransa kwa wepesi zaidi, Urban Comics wamekitoa kwa jina la Sombre Reflet, na kuagiza kutoka Ufaransa au Ubelgiji huenda kukawa rahisi kwake kuliko kuhangaika na Marekani.

2. The Death of Captain America: The Complete Collection

Huyu Bucky aliaminika amekufa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Ndivyo wasomaji walivyoambiwa mwaka 1964, na kwa miongo minne ilikuwa kama sheria kwamba Bucky harudi. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting wakamrudisha mwaka 2005 akiwa muuaji aliyefutwa akili, mwenye mkono wa kushoto wa chuma, aliyetumwa kuua kwa miaka na miaka bila kujijua. Mtoto aliyekuwa akikimbia nyuma ya bendera amerudi mikono imejaa damu.

Halafu, katika toleo la 25 la mwaka 2007, Steve Rogers, yaani Captain America mwenyewe, anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama mjini New York. Kitabu hiki kinaanzia hapo na kwenda hadi toleo la 42.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba Brubaker hana haraka. Bucky havai vazi mpaka toleo la 34. Kabla ya hapo tunakaa msibani. Sharon Carter, mpenzi wa Steve, Sam Wilson, rafiki yake, na Bucky kila mmoja anaomboleza kivyake, na adui anatumia nafasi hiyo kuibomoa nchi kupitia uchumi na siasa kabla hajagusa bunduki. Bucky mwenyewe hataki cheo. Anaiiba ngao kwa sababu hawezi kuvumilia kuiona mikononi mwa mtu mwingine, na Tony Stark, yaani Iron Man, anapompa nafasi kwa kuheshimu barua aliyoiacha Steve, anakubali kwa masharti: akili yake isafishwe vitu vilivyopandikizwa, na asiwe chini ya amri ya mtu.

Akishavaa, anabeba bastola na kisu pamoja na ngao. Wapo walioliona hilo kama kosa, mimi naliona ndilo jambo la kweli kuliko yote kitabuni. Bucky hakufundishwa kuwa nembo. Tangu vitani kazi yake ilikuwa ile chafu ambayo Captain hakupaswa kuonekana akiifanya, na Brubaker hatuombi tuisahau.

Kimekosa nafasi ya kwanza kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kinadai maandalizi. Ukiweza, soma kwanza Winter Soldier, kisa cha kurudi kwa Bucky cha waandaaji haohao, la sivyo baadhi ya machungu yatakupita. Kuna pia majuzuu matatu membamba yenye matoleo yaleyale. Ukiyakuta kwenye mitumba kwa bei nzuri chukua, ila hakikisha yote matatu yapo, maana la kati peke yake halina mwanzo wala mwisho.

3. The Flash: The Return of Barry Allen

Kwa haki ya kisa, hiki kingekuwa namba moja. Kwa ugumu wa kununua, ni namba tatu.

Wally West alikuwa Kid Flash, msaidizi wa Flash, shujaa wa mbio za ajabu, tangu miaka ya mwisho ya 1950. Mjomba wake, Barry Allen, aliyekuwa Flash, alikufa katika tukio kubwa la mwaka 1985, na mwaka 1987 Wally akapewa gazeti lake kama Flash. Hakuwa mshika nafasi. Alilibeba jina hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna kizazi kizima cha wasomaji ambacho hakikuwahi kumjua Flash mwingine. Katika orodha hii yote hakuna msaidizi aliyerithi kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mwaka 1993 mwandishi Mark Waid na mchoraji Greg LaRocque walimletea Wally jaribu baya kuliko adui yeyote: Barry anagonga mlango, yu hai, na kila mtu anafurahi. Wally pia anafurahi. Kisha mambo yanaanza kwenda kombo. Waid anauliza kwa nini Wally, mwenye nguvu zilezile, hajawahi kukimbia kwa kasi ya mjomba wake, na jibu analolitoa halihusu miguu. Wally anaogopa kwamba siku atakapomfikia Barry, Barry atakuwa amekufa kweli. Mtu yeyote aliyeshika kazi ya baba au mjomba aliyefariki ataielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa.

Unachotafuta ni matoleo ya 74 hadi 79. Yamewahi kutolewa kama kitabu chembamba cha peke yake na pia ndani ya mfululizo wa majuzuu ya The Flash by Mark Waid. Usiamini picha ya jalada. Mwulize muuzaji akupigie picha ukurasa wa mbele wenye maelezo ya uchapishaji, pale matoleo huorodheshwa kwa namba. Kisa hiki kina siri, kwa hiyo usikitafute mtandaoni kabla ya kusoma.

4. Batman and Robin: Batman Reborn

Tunarudi kwa Dick Grayson, sasa mwaka 2009, mara tu baada ya Bruce kudhaniwa amekufa. Grant Morrison amegeuza mambo juu chini: Batman ndiye mchangamfu, Robin ndiye mwenye uso wa makaburini. Robin huyo ni Damian, mtoto wa Bruce mwenyewe, aliyelelewa na wauaji na anayeamini kazi hii ni haki yake ya kuzaliwa.

Kuna mazungumzo ya Dick na Alfred, mtumishi wa nyumbani kwa Bruce, ambayo peke yake yanastahili nusu ya bei. Dick amechoka, anaona polisi wanamtazama na kujua si yeye. Alfred anamwambia asilichukulie vazi kama kumbukumbu ya marehemu. Alichukulie kama nafasi ya kuigiza jukwaani, kama Hamlet, ambayo kila mwigizaji mkubwa huicheza kwa namna yake. Kwa mtoto wa sarakasi, ushauri huo ni dawa.

Lakini Frank Quitely, mchoraji wa kiwango cha juu kabisa, amechora matoleo matatu ya kwanza tu. Kuanzia la nne anaingia Philip Tan, na kitabu kinashuka waziwazi. Unalipia sita, unafurahia matatu.

5. Captain America: Sam Wilson – Not My Captain America

Sam Wilson, yaani Falcon, alianza mwaka 1969. Ndiye shujaa wa kwanza Mmarekani Mweusi katika katuni za kampuni kubwa, na kwa miaka kadhaa ya 1970 jina lake lilikaa kwenye jalada sambamba na la Captain. Aliipokea ngao mwaka 2014. Wengi wetu tunamjua kupitia sura ya Anthony Mackie kwenye sinema, na mara nyingi hicho ndicho kitabu cha kwanza watu wanachoulizia.

Kati ya vya mwanzo, chukua hiki cha mwandishi Nick Spencer na mchoraji Daniel Acuña, si kile cha kwanza kabisa cha Hydra Ascendant. Hapa Sam anasema hadharani anaamini nini, nusu ya nchi inamgeuka, na anapambana na genge linalowawinda wahamiaji mpakani Arizona. Katikati kuna mzaha wa Sam kugeuka mbwa mwitu ambao mimi unanitoa kwenye kisa. Ila kuna kijana, Joaquin Torres, anayekuja kuwa Falcon mpya, na kumwona aliyekuwa wa pili akijifunza kuwa na wa pili wake ni raha.

Kuhusu dijitali: vitabu viwili vya Marvel hapo juu, yaani vile vya Captain America, vinasomeka kwa usajili wa Marvel Unlimited, na kwa mwenye kishikwambi hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Huduma ya DC, wachapishaji wa Batman na Flash, haipatikani kila nchi, kwa hiyo kagua kabla ya kutoa namba ya kadi. Kindle inauza kimojakimoja.

Usinunue Battle for the Cowl, hata ikiwa kwenye punguzo. Inadai kueleza jinsi Dick alivyopata vazi, ila ni warithi watatu wakipigana kwa matoleo matatu, na mshindi unamjua kabla hujafungua. Na ukinunua jalada laini la mitumba, lifungue katikati na uangalie gundi ya mgongo. Kurasa zikianza kuachia, mpe muuzaji nusu ya bei au umwachie.