Rumours ya Fleetwood Mac: kama umeachwa, isikilize yote

Kama umeachwa juzijuzi na unatafuta roki ya kulia nayo nunua Rumours, albamu ya bendi ya Fleetwood Mac, ila usidonoe nyimbo moja moja, ianze mwanzo uimalize, ni dakika 40 hivi tu. Ilitoka 1977 na mpaka leo sijasikia albamu ya maumivu ya mapenzi inayoifikia.

Kinachoniua ni kwamba waliokosana wote wako bendi moja. Lindsey Buckingham mpiga gitaa na mpenzi wake mwimbaji Stevie Nicks (Lindsey ndo mwanaume, Stevie mwanamke) wameachana, John McVie na Christine McVie ndoa imekufa, Mick Fleetwood mpiga drams naye ndoa yake inayumba, halafu haohao wanaingia studio pamoja kule Sausalito, California, mwaka 1976. Kwetu kwenye taarab watu wakirushiana mipasho kila mtu ana kundi lake jamani, hawa wanatumia maiki moja! Sikiliza Go Your Own Way, Lindsey anamwambia Stevie ashike njia yake, na kwenye kiitikio sauti ya Stevie mwenyewe imo. Yaani unasemwa na huku unaitikia. Kuna mstari pale unamchora kama mtu wa kurukaruka kwa wanaume, Stevie aliuchukia akaomba utolewe, jamaa akagoma. Jibu la Stevie ni Dreams, hapayuki, anamwambia tu uhuru wako chukua lakini upweke utakuja kukutembelea, na ndo pekee kwenye albamu uliofika namba 1 Marekani. Mi nasema ulistahili kabisa.

You Make Loving Fun ndo unanitoa machozi ingawa ni wimbo wa furaha, Christine anamsifia mpenzi mpya, mtu wa taa wa bendi, na ili kusiwe na ugomvi akamwambia John, yule mume wake wa zamani, eti kaimba kuhusu mbwa wake yeye Christine. Na besi humo anapiga John.

Kasoro ni moja ila kubwa, Silver Springs ya Stevie ilikatwa eti ndefu, ikatupwa upande B, yaani upande wa nyuma wa sahani, wa singo ya Go Your Own Way, nyuma ya wimbo wa huyohuyo aliyemuumiza, roho mbaya iliyoje. Toleo la 2004 wameirudisha, iko kati ya Songbird na The Chain, kwahiyo ukinunua ulizia hilo la 2004.