Boti nyembamba, mvua nene: siku nne kwenye mfereji wa Leicestershire

Nianze na jambo ambalo picha za matangazo hazikuniambia: anayeendesha boti nyembamba hukaa nje. Si nje kidogo, nje kabisa. Unasimama tezi, yaani nyuma ya chombo, huna paa, huna kioo cha mbele, na kichwa chako ndicho kitu kirefu kuliko vyote chomboni. Abiria wako ndani na jiko la makaa, wamefunga mapazia, wanakaanga vitumbua. Wewe umeshika kana, mpini wa usukani, na maji yanakuingia kwenye mikono ya koti mpaka kwapani. Tulikodi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wiki ya likizo fupi ya shule mwishoni mwa Mei, na kwa muda wote huo jua nililiona kama saa mbili tu, moja kati ya hizo nikiwa nimeinama chini ya kifuniko cha mashine.

Tunaishi Leicester. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mke wangu akaona haifai mgeni akae mwezi mzima anatazama dirisha la jirani. Wazo la boti lilikuwa langu. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akivuka Pemba na kurudi, na mimi hupenda kulitaja hilo mbele za watu. Ambacho sikitaji ni kwamba jahazi nimelipanda mara tatu maishani na mara mbili nilitapika. Lakini mfereji hauna mawimbi, nikajiaminisha.

Kampuni siitaji jina, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele. Boti ilikuwa Market Harborough, mahali mfereji unapoishia kwenye kidimbwi kikubwa katikati ya majengo ya matofali. Kwa watu wanne tulilipa pauni zaidi kidogo ya 1,000, na dizeli inahesabiwa mwishoni. Leseni haihitajiki. Kijana mmoja alitufundisha kwa nusu saa, mvua ikimdondoka puani: namna ya kuwasha mashine, kujaza maji, kufunga kamba, na tusizidi kilomita 6 na kitu kwa saa. Tena ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza zaidi, la sivyo unazitingisha na wenyewe wanatoka na vikombe vya chai mkononi kukutazama kwa huzuni. Siku ya kwanza tulipitwa na bibi mmoja mwenye mwavuli na mbwa. Akatusalimu. Tukamkuta daraja linalofuata, akatusalimu tena.

Boti yenyewe ni nzuri, hilo nisidhulumu. Urefu wake kama mita 17, upana mita 2.1 tu, na wembamba huo una sababu. Waliochimba mifereji hii zamani walijenga loki nyingi (vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandishia na kushushia boti) zenye upana wa boti moja ili kuokoa matofali na maji, basi mpaka leo chombo kinachotaka kupita huko lazima kikubali kuwa chembamba. Ndani ni ujia mmoja, kama daladala ndefu iliyong'olewa viti: jiko la gesi, friji, bafu, choo cha kuvuta maji, vitanda. Watu wawili wakikutana katikati, mmoja anakaa kitandani ili mwenzake apite. Maji ya moto hutoka kwenye joto la mashine, kwa hiyo nahodha akishalowa vya kutosha, wenzake wanaoga vizuri.

Nilidhani usukani hautanipa shida. Kana nilijua: ukitaka kwenda kulia unaisukuma kushoto. Kilichonishinda ni urefu. Boti hii haigeuki kwa kichwa kama gari, inageukia kiunoni, kwa hiyo omo, yaani mbele, ikienda kulia tezi inatupwa kushoto na kugonga chochote kilichopo. Na ukirudi nyuma, usukani haukusikii kabisa. Kabla hatujamaliza saa ya kwanza tulikutana na boti nyingine kwenye kona, nikaipisha kwa adabu nyingi mno, tukapanda tope la ukingoni na kukwama.

Juu ya paa kila boti hubeba pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Nilipoliona nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Nikalichukua, nikachomeka, nikasukuma kwa nguvu zote, boti ikaondoka na pondo likabaki limenaswa kwenye tope, nami nimelishika. Mama mkwe alikuwa amechungulia dirishani. "Mwanangu, achia mti! Kamata chombo!" Niliachia. Pondo tulirudi kulichukua, na tangu hapo kila chai ilipokuwa tayari aliniita Nahodha, kwa sauti ambayo mkwe hawezi kuijibu.

Asubuhi yake tukafika Foxton, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa Foxton peke yake ningelipa tena.

Loki ni kisima cha matofali chenye milango pande mbili. Unaingiza boti, unafunga nyuma, unafungulia maji ya juu, na boti inainuka yenyewe kama kopo ndani ya ndoo. Foxton zipo 10, zimepangwa kama ngazi kwenye kilima, tano na tano, na katikati kuna kidimbwi cha boti kupishana. Kati ya loki na loki hakuna nafasi: mlango wa juu wa hii ndio mlango wa chini wa ile. Kwa jumla unapanda kama mita 23. Ukifika chini unaenda kwa miguu kujiandikisha kwa walinzi wa loki, wengi wao ni watu wa kujitolea, wastaafu wenye makoti ya mvua ya maana kuliko langu, na wanakupangia zamu.

Kazi yenyewe aliifanya binti yangu wa miaka 14, ambaye tangu nyumbani alikuwa amenuna. Walimpa mpini wa chuma wenye kona wa kuzungushia vizibo vya maji na wakamfundisha kanuni moja: chekundu kwanza, cheupe baadaye. Vizibo vimepakwa rangi hizo. Chekundu kinaleta maji kutoka bwawa la pembeni kuja kuinua boti yako; cheupe kinateremsha maji ya loki ya juu kwenda kulijaza bwawa hilo hilo. Ukivigeuza, maji hayana pa kukaa, yanafurika kwenye njia ya watu. Nilimwona akizungusha, anahesabu kwa midomo, kisha anaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango na kusukuma, wageni wenye miavuli wakiacha kupiga picha na kuja kumsaidia. Tulitumia karibu saa nzima. Alipofika juu alikuwa amelowa chapachapa, na simu yake hakuiuliza mpaka usiku.

Kando ya loki kuna mteremko mtupu wenye majani. Hapo mwaka 1900 waliweka mtambo wa mvuke uliopandisha boti zikiwa ndani ya matangi, zikielea, kwa dakika chache tu. Biashara ya boti ilikuwa tayari inaporwa na reli, na kuutunza moto wa mvuke kungoja boti zisizokuja kulikuwa hasara, wakauacha baada ya kama miaka kumi. Loki za matofali, za mwaka 1814, ndizo zilizobaki kazini.

Juu ya Foxton mfereji hauna loki kwa takriban kilomita 32. Unaviringika kufuata usawa wa vilima, huku kondoo, huku mahindi hakuna, ni majani na miti yenye maua meupe. Mvua ya huko haina haraka. Ya kwetu masika inakuja kama mdai, inapiga bati, inachukua chake inaondoka. Hii ni manyunyu yanayokaa na wewe siku nzima, huyasikii, na ukija kugundua umelowa mpaka kitambulisho mfukoni. Nilivaa koti ambalo dukani liliandikwa halipitishi maji. Kwa saa moja maneno hayo yalikuwa kweli.

Kwenye handaki la Husbands Bosworth nilishukuru: mita zaidi ya 1,000 chini ya kilima, nitakauka. Kumbe handaki linadondosha matone ya baridi yanayolenga shingo. Katikati ya giza tukaona taa, boti inatujia, kila mmoja akakaa kulia kwake na tukapishana karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika mkono mzee aliyekuwa akiiendesha. Zamani hakukuwa na mashine, farasi ndio waliovuta boti, na humu ndani hakuna njia ya farasi. Mabaharia walilala chali na kutembea kwa miguu ukutani mpaka watokee upande wa pili. Nilipowaeleza wa ndani, mke wangu alisema nisilalamike basi.

Sala ilikuwa na mtihani wake. Mfereji unapinda kila baada ya muda, na kibla kinapinda nao. Chombo kikifungwa kimeelekea kusini mashariki, mnaswali kwa urefu wa ujia, raha. Kikifungwa vingine, unaswali kwa upana, na upana wa ndani ni kama mita 1.8: ukisujudu unagusa kabati. Kuanzia siku ya pili mama mkwe ndiye aliyechagua mahali pa kulala. Alitoka na simu yenye dira, akatazama ukingo, akasema "hapa" au "songa mbele kidogo, baba", nami nikasonga.

Sasa kampuni. Dirisha la juu ya kitanda cha binti yangu lilivuja usiku wa kwanza. Nilipiga simu mara tatu. Ya tatu ikapokelewa, nikaambiwa niweke taulo. Gunia la makaa tuliachiwa nje, limelowa, likatoa moshi nusu saa kabla ya kushika. Siku ya tatu, karibu na Welford, mashine ikaanza kuguruma bila boti kwenda. Niliwapigia, wakasema nizime mashine, nifungue kifuniko cha tezi, niingize mkono niisafishe mwenyewe rafadha, yale mapanga yanayozunguka majini kusukuma boti. Ndivyo mkataba unavyosema, nimeusoma baadaye. Nikapiga magoti nikaingiza mkono mpaka begani kwenye maji baridi kama ya friji, nikakata kwa kisu cha jikoni kipande cha turubai la plastiki kilichojisokota, kwa dakika arobaini. Hiyo ndiyo saa ya jua niliyoitaja.

Mpango ulikuwa kufika kijiji cha Crick, mbele zaidi. Lakini tuligeuzia Welford, kwenye tawi fupi ambalo kazi yake hasa ni kuleta maji ya mabwawa kwenye mfereji mkuu. Kurudi ni njia ile ile, ila kushuka loki kuna hatari ambayo kupanda hakuna: nyuma ya kila loki kuna kizingiti cha zege chini ya maji, na tezi ikikikalia wakati maji yanashuka, boti inabaki imening'inia kichwa chini. Kuna mstari mweupe ukutani. Kaa mbele ya mstari. Mlinzi aliniambia mara mbili, mara ya pili akinitazama usoni.

Boti naipa nyota nne kati ya tano. Kampuni mbili, moja ikiwa ya yule kijana wa nusu saa. Walirudisha amana yote baada ya kukata dizeli. Ukienda, usihangaike na mzigo wa nguo nzuri: nunua suruali ya mvua, mabuti ya mpira na jozi mbili za glavu, moja ikauke wakati nyingine inalowa, na wawepo watu wawili wa kupokezana kana. Nyama na vikolombwezo tulinunua Leicester kabla, maana vijijini njiani duka ni la kubahatisha.

Jumamosi mama mkwe alipiga simu Tanga kuwasimulia wanawe. Akasema amepanda boti na boti imepanda mlima, ngazi kumi, mjukuu wake ndiye aliyekuwa anafungua maji. Upande wa pili pakawa kimya. Kisha shemeji yangu akamwambia taratibu, mama, hizo dawa za mafua ulizopewa huko, kunywa nusu.