Programu ya safari za porini kwa wanachuo, maoni yangu baada ya kuimaliza

Wadau, nimemaliza ile programu ya changamoto na safari za nje, ile wanaitangaza kila muhula kwa mapicha ya watu wamesimama kileleni mikono juu, naandika maana wengi wananiuliza kama inafaa au ni kupoteza wikendi tu. Inafaa, ila sio kwa sababu wanazozitangaza wao. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Kilele chenyewe hakifundishi kitu. Kinachofundisha ni kwamba mko kikundi kidogo, mna ramani, dira na sehemu ya kufika kabla ya giza, halafu msimamizi anakaa kando kimya. Sisi tulibishana kwenye njia panda, jamaa mmoja mwenye sauti kubwa anasema tukate bondeni, dada mmoja mpole kageuza ramani ikae sawa na kaskazini anasema jamani kontua, hii mistari ya mwinuko, huku zimebanana, mteremko haushukiki huu. Nani amsikilize! Watu wakashuka, kweli haushukiki, wakapanda tena na mabegi mgongoni hakuna anayemsemesha mwenzie, na msimamizi yupo nyuma anakunywa maji yake tu. Siku ile nilimchukia kweli, lakini ndo kazi yake ile, angetuonyesha njia tungekuwa watalii. Kesho yake yule dada akashika zamu ya uongozi na hata mwenye sauti alikuwa anamuuliza kwanza.

Kitu kingine nilichopenda ni kupanga muda. Wanatumia kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892, kilomita 5 kwa saa halafu unaongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda, kwa hiyo kilomita 15 zenye kupanda mita 600 ni saa 4 bila kupumzika. Kwenye karatasi rahisi, ila ukiwa na mtu ana malengelenge kisiginoni hesabu yote inakufa, na hapo ndo mnajua kikundi kinafika pale wa mwisho anapofika. Wenye mbio walichukia hili kuliko mvua.

Wazo lenyewe sio la jana. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeondoka kwao enzi za Wanazi, alishiriki kuanzisha Outward Bound, shule ya mafunzo ya nje kwa vijana, kule Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na mwaka 1956 ikaja Duke of Edinburgh's Award, tuzo ya vijana ya Uingereza yenye ngazi. Ngazi ya dhahabu ya hiyo ina safari ya siku 4 na usiku 3, watu 4 hadi 7 kwa kikundi, wanajitegemea wenyewe, lakini pia kuna kujitolea, mazoezi na kujifunza ujuzi ambavyo vinakwenda kwa miezi. Hapo ndo hii yetu imepwaya. Katikati ya safari na safari wanakujazia michezo ya kufungwa kitambaa machoni na kujenga minara ya karatasi, unacheka, unarudi bwenini, basi.

Halafu vikao vya jioni. Darasani walituonyesha ule mduara wa kujifunza wa Kolb, mtaalamu wa elimu, kwamba unafanya, unatafakari, unapata funzo, unalijaribu tena, vizuri kabisa, tukifika kambini kutafakari kunapewa dakika chache watu wamechoka wanasinzia, na daftari la tafakari wengi walijaza mwishoni kwa mkupuo wakinakiliana. Yaani ule ubishi wa njia panda haukuzungumzwa na mtu, tuliumaliza wenyewe hemani. Wangetoa mchezo mmoja wa minara waweke saa moja ya kikao ningewapa nyota zote.

Vifaa safi, isipokuwa zipu za mahema. Na wanaofanya kazi wikendi wamesahauliwa kabisa, ratiba haina mbadala.

Kama unaenda kwa ajili ya CV, usiandike tu ulipanda mlima, andika uliamua nini na kikundi kilifanyaje. Buti mpya zivae wiki kadhaa kabla, usizizindulie huko. Na ile fomu ya afya ijaze kweli, kama una pumu au mzio sema, usione aibu, maana mkiwa huko ndani gari la wagonjwa halifiki haraka.