Uzoefu wangu katika kikundi cha wanaume wanaoishi na VVU

Huduma ninayoieleza hapa ni kikundi cha kusaidiana cha wanaume wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kinachokutana kila mwezi chini ya usimamizi wa kliniki ninakochukulia dawa. Ninamwandikia mwanamume ambaye ameshaelekezwa kwenye kikundi cha namna hii lakini bado anasitasita kwenda.

Nilijiunga wakati vipimo vyangu vikiwa vizuri. Virusi vilikuwa havionekani tena kwenye kipimo, na daktari alikuwa amenieleza kwamba anayefikia kiwango hicho na kuendelea kumeza dawa ipasavyo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Pamoja na habari hiyo njema, usingizi ulikuwa wa shida, marafiki nilikuwa nimewakwepa, na kopo la dawa nililijaza pamba ili vidonge visisikike vikigongana ndani ya begi. Siku ya kujiunga nilijaza dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani kuhusu ubora wa maisha ya wanaoishi na VVU, lenye maswali 31, yanayogusa usingizi, fedha, imani, tendo la ndoa na hofu ya siku za usoni. Kliniki sikuwahi kuulizwa mambo hayo, kwa sababu huko mazungumzo huanzia na kuishia kwenye hesabu ya vidonge vilivyobaki.

Sehemu yenye manufaa zaidi ni ile ambayo mshauri hutoka na kutuacha wenyewe. Mjumbe mmoja wa makamo aliuliza, bila kuzunguka, kama dawa ndizo zilizompunguzia nguvu za kiume, akaongeza kwamba alikuwa anafikiria kuziacha. Hakuna aliyecheka. Wenzake wawili walisema yaliwakuta hayohayo, na mmoja wao alipopimwa alikutwa na kisukari ambacho hakukijua. Yule aliyeuliza alishauriwa asiguse ratiba ya dawa kabla ya kumwona daktari, na mwenzake akaahidi kumsindikiza. Sidhani kama swali lile lingeulizwa mbele ya muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni.

Msaada mwingine ni wa vitendo. Wale ambao hali zao ni tulivu hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na aliye na nafasi huwachukulia wenzake kwa utaratibu unaotambuliwa na kliniki, jambo ambalo kwa kibarua anayelipwa kwa siku lina uzito kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo. Wapo pia wanaojitolea kuwa karibu na mwenzao anapojiandaa kumweleza mkewe hali yake, ingawa uamuzi wa lini na vipi huachwa mikononi mwake.

Kasoro zipo. Mwanzoni tulikutana asubuhi za siku za kazi, kana kwamba wanaume hawana ajira, na mahudhurio yalipanda pale tu ratiba ilipohamishiwa mwisho wa wiki. Kundi la simu lilianzishwa bila masharti, kila mmoja akaona namba na picha za wenzake, na baadhi wakajitoa kimyakimya. Ni haki yao, kwani siri ikishavuja hairudishwi kwa kuombwa radhi. Aidha, vijana huzungumza kidogo sana mbele ya wazee, na kwa maoni yangu wanahitaji kikao chao.

Kwa upande wangu, usingizi umerejea kwa kiasi kikubwa na ninaye mtu wa kumpigia simu bila kutunga visingizio, kwa hiyo ninakipendekeza kikundi. Kabla ya kujiandikisha, uliza daftari la majina linatunzwa na nani na kama unaruhusiwa kutumia jina la utani. Kwa mwenye sonona nzito au mawazo ya kujiua, kikundi hiki hakitoshi. Wajumbe wana nia njema lakini hawana mafunzo hayo, na mtu huyo anapaswa kuonana na mtaalamu wa afya ya akili mara moja, kikundi kikifuata baadaye.