Grisi ya shaba, gundi ya nati na rangi ya ekzosi: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu

Nilinunua bidhaa hizi tatu kwa pamoja baada ya stadi ya ekzosi, ile bolti isiyo na kichwa inayochomoza kwenye injini, kukatikia ndani ya silinda hedi ya skuta yangu. Nati ilikuwa imeshikana nayo kwa kutu kiasi kwamba vilizunguka pamoja; nikasikia mlio mdogo, mkavu, na spana ikaja mkononi ikiwa na nati na nusu ya stadi. Ile nusu iliyobaki ilitolewa na fundi kwa kutobolewa katikati taratibu, kwa sababu hedi ni ya alumini na keekee ikienda upande kidogo tu huyamaliza meno ya tundu zima.

Grisi ya shaba ndiyo iliyonishawishi kuandika. Ni grisi nzito yenye chembechembe laini za shaba, na kwenye tyubu niliyonunua imeandikwa kuwa inastahimili hadi nyuzi 1,100 za Selsiasi. Kipimo hicho ni cha chembe za shaba. Mafuta yanayozibeba huungua mapema zaidi na kuacha utando mkavu, ambao ndio unaozuia meno ya nati yasishikane na meno ya stadi. Nilipofungua ekzosi hivi karibuni, nati zote mbili zililegea kwa robo mzunguko wa spana, na mizunguko iliyobaki nikaimalizia kwa vidole. Meno yalikuwa na rangi ya kahawia lakini hayakuliwa hata kidogo. Tangu hapo naipaka pia kwenye kila bolti ya chuma cha pua inayoingia kwenye alumini, maana metali hizo mbili zikikutana na maji, hasa yenye chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaoibana bolti.

Kuna tahadhari ambayo sikuikuta kwenye maelezo ya tyubu. Meno yaliyopakwa grisi huteleza, hivyo nguvu ileile ya mkono huivuta bolti zaidi kuliko ikiwa kavu. Bolti ya milimita 6, ambayo ndiyo hutumika sana kwenye skuta ndogo, kwa kawaida hukazwa kwa takribani nyutoni mita 10, na hapo mtu mwenye spana ndefu anaweza kuikata bila kukusudia. Kipimo cha kitabu kikiwa ni cha meno makavu, mimi hupunguza kama robo. Kwenye ekzosi huweka pia gasketi mpya, ile pete inayoziba kati ya bomba na hedi, na kurudia kukaza baada ya injini kupata moto mara ya kwanza na kupoa, kwa kuwa gasketi hujibana na nati hubaki na nafasi.

Gundi ya nati ninayoizungumzia ni ile ya buluu, yenye nguvu ya kati, ambayo hufunguka kwa spana ya kawaida. Imefanya kazi vizuri kwenye bolti za kishikio cha namba na za stendi, ambazo zamani zililegea kila mara kwa sababu ya mtetemo wa silinda moja. Tone moja kwenye meno yaliyosafishwa mafuta linatosha. Haifai kwenye nati za ekzosi, kwani gundi nyingi za aina hii hupoteza nguvu zikipita nyuzi 150 hadi 180, na haifai karibu na maganda ya plastiki, ambayo huweza kupata nyufa yakiguswa nayo. Ile nyekundu sikuinunua, kwa kuwa kuifungua huhitaji moto, na sioni bolti ya skuta ambayo ningependa kuichomea moto karibu na tangi la petroli.

Rangi ya kustahimili joto ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mara ya kwanza nilikwangua juu juu na kupuliza, na wiki chache baadaye ilibanduka kwa vipande, kila kipande kikiwa na kutu upande wa chini. Mara ya pili niliifungua ekzosi yote, nikaisugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, nikaifuta kwa tina, nikapuliza tabaka tatu nyembamba. Rangi hii haikomai kwa hewa pekee, huhitaji joto. Niliiacha injini iungurume dakika chache, nikaizima ipoe, nikarudia kwa muda mrefu zaidi kila mara. Hadi leo imeshika, isipokuwa kwenye ulehemu wa kona ya mbele, mahali ambapo tairi hurusha kokoto na matope. Rangi ni nzuri, ila ubora wake wote hutegemea saa mbili za msasa.

Hata hivyo rangi hulinda nje tu, na ekzosi nyingi huoza zikianzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke ikiwa bomba lina moto, na hubaki ndani kama matone ikiwa limepoa. Skuta inayowashwa kwa safari za dakika tano tano huyakusanya kwenye tumbo la ekzosi, yakichanganyika na masizi. Kwa hiyo nimezoea kuiendesha mara moja kwa wiki kwa umbali wa kutosha kuipasha hadi mwisho wa bomba. Ekzosi yangu ina tundu dogo chini kwa ajili ya kutoa maji hayo, na nilipopuliza rangi nilichomeka kijiti humo ili lisizibe; kabla ya kuwasha injini nikakichomoa.