Mgahawa wa Nyuma ya Ngome na Karatasi Yake Ukutani

Mgahawa huu mdogo uko nyuma ya Ngome ya Lamu, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni, na kwa mahamri na mbaazi za nazi sijauonea mwenzake. Mahamri huletwa ya moto, yamefura, yananukia iliki. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele la shaba, nawe hutoki na njaa hata ukiwa na shilingi mia moja tu. Kwa upande wa chakula sina la kulaumu.

Lawama yangu ni karatasi iliyobandikwa juu ya televisheni, yenye maandishi ya kalamu nyekundu: "Siasa za vita hapa marufuku." Mwenye mgahawa, ambaye mpwa wake yuko jeshini, alinieleza kwa upole sababu yake. "Ndugu yangu, wale vijana wako vitani. Sisi huku tukikaa kuilaumu serikali kuhusu vita, wao tunawavunja moyo." Habari za saa moja zikitaja Somalia, yeye huchukua rimoti akahamia kwenye mpira.

Namheshimu, ila marufuku hiyo imewekwa mahali pasipostahili. Sababu za vita hivi zilianzia kwa kiasi fulani katika maji yetu: watalii walivamiwa Kiwayu Septemba 2011, wakavamiwa tena Manda mwanzoni mwa Oktoba, na mwezi huo haukuisha kabla jeshi la Kenya halijavuka mpaka kuingia Somalia. Mpeketoni, mji wa huku kwetu Lamu upande wa bara, iliposhambuliwa Juni 2014, kafyu ilifuata, na wavuvi wa usiku wakaanika nyavu zao. Hao ndio wanaokaa kwenye mabenchi haya, na hao ndio wanaoambiwa wanyamaze.

Ukimbana, mwenye mgahawa hukukumbusha kwamba Raila Odinga, ambaye mwaka 2014 alikuwa mstari wa mbele kudai wanajeshi warudishwe nyumbani, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu walipopelekwa. Ni kweli, na mwanasiasa anayegeuka hivyo ana la kujibu. Lakini hilo linampunguzia yeye heshima; sioni linavyompunguzia askari ujasiri.

Asubuhi moja niliketi karibu na askari kijana aliyevuka kutoka kambi ya jeshi ya Manda Bay, amevaa kiraia. Alikuwa anachovya hamri kwenye mbaazi, akainua macho, akaisoma karatasi, akacheka kidogo. "Mzee, sisi hao wanasiasa hata hatuwasikilizi," alisema. "Kinachovunja moyo ni mama kukupigia simu analia, anakuuliza kama uko hai, kwa kuwa amesikia kwa majirani na jeshi lenyewe halijamwambia kitu." Nilikumbuka El Adde papo hapo, kambi ya wanajeshi wetu huko Somalia. Kambi ile ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na serikali yetu haikutangaza idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, ndiye aliyesema hadharani kwamba walikaribia 200, nalo jeshi la Kenya likakanusha. Majonzi yale hayakuletwa na mkosoaji yeyote.

Kwa haki, kijana huyo hakuwaachia wakosoaji huru. Alisema zile tuhuma kwamba jeshi letu linafaidika na makaa ya Kismayu, bandari ya Somalia, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba yaliendelea kusafirishwa licha ya marufuku ya umoja huo ya mwaka 2012, zilimuuma sana, maana alitazamwa kama mchuuzi wa makaa ilhali hakuonja hata senti. Jeshi lilikana kuhusika. Hapo nilikubali kwamba lawama isiyotenganisha mkubwa na kuruta humfikia asiyehusika, na nadhani mwenye mgahawa anaogopa hasa jambo hilo, ingawa karatasi yake imekataza zaidi ya hilo.

Wamarekani nao walibishana hivi hivi kuhusu Vietnam. Novemba 1967 Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi yao huko, aliwaambia raia kwamba mwisho wa vita umeanza kuonekana. Januari 1968 miji mingi ya Vietnam Kusini ikashambuliwa kwa pamoja. Waliokuwa wameamini maneno ya jenerali ndio walioshtuka zaidi.

Nilipokwenda kulipa nilimwomba mwenye mgahawa afute neno "vita" na kuandika "matusi". Aliniangalia, akanirudishia chenji, akasema atafikiri. Wiki iliyopita karatasi ilikuwa bado ipo, ila kona moja imebanduka na hakuna aliyeigandisha. Anayetaka mbaazi afike kabla ya saa mbili.